Klipu ya tundu, kebo tai au mkanda wa chuma: fungu la waya lishikwe na nini?

Gari dogo la abiria lililetwa kwangu hapa Nakuru asubuhi moja likitoka Kisumu. Dereva alikuwa amelala Mau Summit, kwa sababu taa za mbele zilimzimikia kwenye mpando baada ya Kericho na hakutaka kuendelea gizani akiwa na watu. "Fundi, nimebadilisha fyuzi tatu na zote zimeungua," aliniambia. Fyuzi ikiungua mara tatu, fyuzi haina kosa. Nikashusha bampa, nikaanza kulifuata fungu la waya kwa vidole.

Nyuma ya taa ya kushoto nilikuta tundu tupu kwenye bati. Humo ndimo klipu ya kiwandani ilipokuwa imekaa. Gari lilikuwa limewahi kugongwa, na aliyelinyoosha bodi aliing'oa klipu ikavunjika. Badala ya kuweka nyingine, alilifunga fungu kwa kebo tai, ule ukanda wa plastiki wenye meno, kwenye bomba lililokuwa karibu. Fungu likashuka kama sentimita nne, likalalia ukingo wa bati. Ukingo wa bati ukiongezewa mtikisiko wa barabara ni msumeno. Ganda la waya lilikuwa limelika hadi shaba ikaonekana, na kila gari liliporuka shaba iligusa bodi ikapiga shoti.

Kuitafuta shoti hiyo kulinichukua saa tatu. Klipu iliyokosekana haizidi ukubwa wa kidole gumba.

Wateja na mafundi vijana huniuliza mara kwa mara kipi ni bora kati ya klipu za kusukuma kwenye tundu, kebo tai, mikanda ya chuma yenye mpira na vile vibati vya kubandika kwa gundi. Wengi huanza kwa kuangalia unene wa fungu. Mimi naona hapo ndipo wanapokosea. Unene wa fungu ni jambo la mwisho. Kwanza angalia fungu linashikizwa kwenye nini: kuna tundu au hakuna, bati lina unene gani, na mahali penyewe pana joto na mtikisiko wa kiasi gani.

Klipu ya tundu: mshale na mfupa wa samaki

Klipu ya tundu ina sehemu mbili zinazofanya kazi mbili tofauti. Juu inashika waya, chini inashika bati. Ya chini ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu inakuja kwa maumbo mawili ambayo dukani huchanganywa katika boksi moja.

Umbo la kwanza ni mshale. Lina mabawa mawili. Ukiisukuma klipu, mabawa yanajikunja na kupita tunduni, kisha yanafunguka nyuma ya bati na kukataa kurudi. Upande wako kuna kisahani kama mwavuli mdogo, nacho kinalisukuma bati kutoka mbele wakati mabawa yanalisukuma kutoka nyuma. Kisahani hicho ndicho kinachoondoa mchezo, na pia hupunguza vumbi na maji yanayoingia kupitia tundu. Ukisikia "tak" moja safi, na klipu haitikisiki, kazi imekwisha.

Umbo la pili mimi huliita mfupa wa samaki, kwa kuwa lina uti mmoja na miiba mingi midogo pande zote. Kila mwiba unajikunja ukipita na kujaribu kufunguka ndani. Haihitaji kuona upande wa pili wa bati, wala haijali sana unene. Inakaa kwenye bati nene, kwenye plastiki, kwenye ubao, hata kwenye tundu lisilotokea upande wa pili au tundu lenye nyuzi za bolti. Mshale hauwezi mambo hayo.

Ukiwa na bati jembamba la bodi ya gari, ambalo kwa kawaida halifiki milimita moja, chagua mshale. Unakaa imara zaidi na unaweza kuutoa bila kuuharibu ukifika nyuma na kuyabana mabawa kwa koleo. Ukiwa na kitu kinene, au hujui unene wake, chagua mfupa wa samaki. Ukiuweka mshale kwenye bati nene kupita kipimo chake, mabawa hayafunguki. Yanabaki yamebanwa ndani ya tundu, klipu inaonekana imeingia, na wiki mbili baadaye inadondoka.

Sehemu ya juu nayo ina aina zake. Kuna yenye kebo tai iliyounganika nayo, unalizungusha fungu na kuvuta. Kuna yenye mdomo unaofungwa na kufunguliwa, na hii ndiyo ninayoipenda mahali ambapo najua nitarudi, kwa mfano karibu na betri au boksi la fyuzi. Ya tatu ina ulimi bapa unaolazwa juu ya fungu na kuzungushiwa tepu. Viwanda vya magari huitumia sana kwa sababu haibani waya hata kidogo.

Tundu ndilo linaloamua

Kwenye magari mengi ya Japani tunayopokea hapa, matundu ya klipu za waya yana kipenyo cha karibu milimita 6 hadi 7, ingawa utakuta madogo zaidi na makubwa zaidi. Mengine yana umbo la yai. Usiyadharau haya. Yamefanywa hivyo ili klipu isizunguke na kuligeuza fungu upande usiotakiwa, na klipu ya duara ukiitia humo itachezacheza.

Tofauti ya nusu milimita ni kubwa hapa. Tundu likizidi, mabawa hayashiki. Likipungua, unasukuma kwa nguvu, mabawa yanachubuka kando, bado unasikia "tak" na unaondoka ukiamini umefaulu. Huna haja ya kifaa cha bei kupima tundu. Chukua biti zako za drili, jaribu mashina yake moja moja tunduni. Biti inayoingia bila kulazimisha na bila kucheza ndiyo kipimo chako, na namba yake imeandikwa ubavuni.

Kama hakuna tundu na umeamua kutoboa, kwanza jua kilicho nyuma. Nimewahi kuona bati la sakafu limetobolewa, na biti ikasimama upana wa kidole kutoka bomba la mafuta. Chomoa waya wa hasi wa betri. Toboa tundu dogo, kisha la kipimo. Baada ya hapo chukua biti nene zaidi, izungushe kwa mkono pande zote mbili mpaka makali yaondoke, kwa sababu hayo makali ndiyo yatakayokata miiba ya klipu. Paka rangi ya kuzuia kutu, subiri ikauke, ndipo usukume klipu. Tundu lisilopakwa rangi litashika kutu, kutu italitanua, na klipu itabaki inaning'inia kwenye unga mwekundu.

Na kuna mahali hatutoboi kabisa. Chasi ya lori haitobolewi kwenye kanda zake, zile sehemu bapa za juu na za chini. Hapo ndipo chuma kinabeba mvuto mkubwa zaidi, na tundu dogo huwa mwanzo wa ufa.

Kama ukingo wa bati uko karibu, kuna klipu nyingine ambayo wengi hawaijui: inaingizwa kwenye ukingo wenyewe na ina meno ya chuma ndani yanayouma bati. Hutoboi chochote. Kwenye tuktuk za Kisumu, ambazo bodi yake ina kingo nyingi na nafasi ndogo, hii imenisaidia kuliko zote.

Kebo tai ikitumika peke yake

Siidharau kebo tai. Ilitoka kwa kampuni ya Thomas & Betts ya Marekani mwaka 1958, ikiwa imebuniwa kwa ajili ya waya za ndege, ambazo kabla yake zilifungwa kwa uzi fundo moja baada ya jingine. Kebo tai ya upana wa milimita 4.8, ile tunayoinunua kwa pakiti ya mia, imetengenezwa kuhimili mvuto wa karibu kilo 22. Ile nyembamba ya milimita 2.5 inahimili karibu kilo 8. Kwa fungu la waya za gari hiyo ni nguvu ya kutosha na kubaki.

Taabu yake iko kwingine. Kebo tai inalifunga fungu pamoja, lakini haiambii fungu likae wapi. Usipoipa mahali pa kujishikiza, fundi ataishikiza kwenye chochote kilicho karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni bomba. Hapa naomba unisikilize vizuri: waya hazifungwi kwenye bomba la petroli, wala bomba la breki, wala mpira wa breki unaofuata gurudumu. Waya ikichubuka karibu na petroli unajua kitakachofuata. Na mpira wa breki unasogea kila unapokata kona, kwa hiyo unazivuta waya kila siku hadi shaba ikatike ndani ya ganda, mahali usipoweza kuona.

Jambo la pili ni kukaza. Kebo tai ina meno, haina huruma. Ikivutwa kwa koleo hadi mwisho inaminya ganda la waya, na kwenye joto ganda hulainika na kuminyika zaidi. Kaza mpaka fungu lisiteleze, kisha acha. Ukate mkia ukiwa sawa na kichwa. Ukikata mshazari unaacha kiwembe, na fundi atakayefuata atakuja kupitisha mkono pale. Nina kovu kwenye kiganja changu cha kulia kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kebo tai tupu naichagua kwa kukusanya waya kati ya klipu na klipu, na kwa kushikiza muda mfupi wakati natafuta njia ya kulipitisha fungu. Kama lazima ishike bodi, naitafutia kiti chake: kile kipande cha plastiki chenye upenyo kinachofungwa kwa skrubu au kusukumwa kwenye tundu. Ikifika hapo tayari imekuwa klipu ya tundu kwa njia ya mzunguko.

Mkanda wa chuma wenye mpira

Huu ni ule mkanda unaolizunguka fungu kama herufi P, umevikwa mpira, na masikio yake mawili yanakutana kwenye bolti moja. Ni mzito, una kutu usipokuwa wa chuma kisichoshika kutu, na kuufungua kunahitaji spana. Hata hivyo, kuna kazi ambazo siwezi kumpa mwingine.

Fikiria malori na trekta zinazobeba miwa kuelekea viwanda vya Muhoroni na Chemelil. Barabara za mashambani zina mashimo, trela linaruka, matope yanakauka kuwa saruji juu ya waya, na bua la muwa linaning'inia chini likikwaruza kila kitu. Klipu ya plastiki pale haimalizi msimu. Fungu lenyewe ni nene, chuma cha chasi ni milimita kadhaa, na kutoboa nimeshakataza. Mkanda wenye mpira unafungwa kwa bolti iliyopo tayari, ile inayoshika kitu kingine kisicho cha breki wala usukani, na unakaa. Hapo sipepesi macho.

Mahali pengine pake ni kwenye injini. Nailoni ya kawaida ya klipu na kebo tai hutengenezwa kwa joto la kudumu la nyuzi 85 hivi. Ipo iliyoongezewa dawa ya kuhimili joto, inayofika 105 na zaidi, lakini dukani kwetu utaambiwa zote ni moja. Karibu na ekzosi hata hiyo bora itakauka na kupasuka. Chuma na mpira mzuri vinavumilia, na bado nalisogeza fungu mbali na ekzosi kadiri ninavyoweza.

Chagua kipimo kinachokumbatia fungu bila kuliminya. Mkanda mkubwa ni mbaya kuliko kukosa mkanda, kwa sababu waya zinacheza ndani, mpira unalika, na mwisho chuma chenyewe ndicho kinachokata.

Vibati vya gundi na tepu

Vibati vya gundi ni vya ofisini na nyumbani: nyuma ya meza ya kompyuta, ndani ya kabati la mita, ukutani pakavu. Kwenye gari nimevikuta sakafuni mara nyingi mno. Gari likiegeshwa juani Kisumu saa nane mchana, dashibodi inakuwa jiko na gundi inaachia. Ukilazimika kuvitumia, futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, bandika, ukandamize, na usikipe mzigo mpaka kesho yake. Chenye tundu la skrubu, weka skrubu.

Tepu nyeusi haishindani na hivi vingine. Inavika fungu, hailishiki mahali.

Hewa ya Nakuru na hewa ya Kisumu

Nailoni hunywa unyevu kutoka hewani, na unyevu huo ndio unaoifanya ijikunje bila kuvunjika. Ikikauka inakuwa kama ukucha wa kuku. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800, na mwezi wa Januari na Februari hewa ni kavu na asubuhi ni baridi. Klipu na kebo tai zilizokaa wazi rafuni miezi hiyo huvunjika mkononi wakati wa kuzifunga. Kwa hiyo zihifadhi kwenye mfuko wake uliofungwa, na zikiwa zimeshakauka, zitie kwenye maji usiku kucha. Nimefanya hivyo miaka mingi na zinarudi kuwa laini.

Kisumu, kando ya ziwa, unyevu si tatizo, lakini joto na jua vipo. Nailoni nyeupe ikikaa juani huchakaa na kupasuka. Nyeusi iliyotiwa masizi ya kaboni inavumilia. Kwa taa za juu ya gari, waya za paneli za sola kwenye paa, au boti, chukua nyeusi kila mara, na uliza kama ni ya kuhimili jua, maana kuna nyeusi za rangi tu. Kwa magari yanayobeba samaki na barafu kutoka ufuoni, ambako maji hudondoka siku nzima, mkanda wa chuma wa kawaida utashika kutu upesi. Pale klipu ya plastiki inaushinda.

Jambo hili la kuzeeka linagusa karibu kila gari letu. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika lisilozidi miaka minane, na wengi hununua lililokaribia mwisho wa miaka hiyo ili kupunguza bei. Ina maana klipu zake za karibu na injini zimeshapikwa miaka saba kabla hazijafika Mombasa. Ukizitoa kwa bisibisi zitavunjika, hilo lichukulie kuwa ni hakika. Tumia koleo la klipu lenye mdomo wa uma, liingie chini ya kisahani na kunyanyua pande zote mbili kwa pamoja, na uwe na mpya mfukoni kabla hujaanza.

Ningechagua nini

Gari dogo, tundu la kiwandani lipo: klipu ya mshale ya kipimo kilekile, bila mjadala. Ukiipeleka ile iliyovunjika dukani, mwenye duka ataifananisha haraka kuliko maelezo yako. Tundu lipo lakini limelika na kutanuka: mfupa wa samaki wa kipimo kikubwa kidogo, au klipu ya ukingo kama ukingo uko karibu. Plastiki nene, ubao wa ndani ya basi, tundu lisilotokea upande wa pili: mfupa wa samaki. Chasi ya lori, trela, juu ya injini: mkanda wa chuma wenye mpira. Kebo tai iwe msaidizi wa hivyo vyote.

Ukiona bomba la waya la rangi ya manjano, mara nyingi ni la mifuko ya hewa ya usalama. La rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi lina umeme mkubwa wa kuua. Hayo usiyafungue wala kuyahamishia njia nyingine. Mwachie fundi aliyesomea.

Umbali kati ya klipu mimi huuweka sentimita 20 hadi 30, na klipu moja karibu na kila soketi ili mtikisiko usifike kwenye pini zake. Fungu linapotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini, liachie kitanzi. Injini imekaa juu ya mipira na inasogea kila unapokanyaga mafuta. Ukilifunga fungu likiwa limenyooka kati ya viwili hivyo, hakuna klipu duniani itakayolisaidia.

Ukimaliza, vuta kila klipu kwa vidole viwili. Washa injini, mwambie mtu akanyage mafuta huku wewe unaangalia kitanzi. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, uchuchumae uangalie nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele kama kuna waya iliyoguswa. Lile gari la kutoka Kisumu nililiwekea klipu mbili, moja kwenye tundu la zamani na nyingine kwenye ukingo, nikaziunga waya zilizolika na kuzivika upya. Dereva mwenyewe ndiye aliyezungusha usukani wakati mimi nimelala chini naangalia.